Play ikikataa intaneti, fundi asianze kufungua mashine

Butembo, Kivu Kaskazini. Familia mliotoka Kirumba, Kayna na Kanyabayonga mnaoishi sasa kwetu hapa mjini, leo siandiki juu ya bei ya unga wala juu ya barabara. Naandika juu ya Play, ile mashine ya michezo ya watoto. Najua wengine watacheka. Lakini mwezi uliopita mashine hiyo ilileta mgogoro nyumbani kwangu hadi shemeji yangu akatoka nje usiku, akalia peke yake karibu na jiko. Na majirani niliowasimulia wanasema kwao pia iko hivyo.

Kwangu tuko watu 11. Shemeji, mdogo wa mke wangu, alifika na watoto wake 4 mwishoni mwa Juni 2024, wakati Kanyabayonga ilipoanguka na watu wakajaa barabara kuelekea Lubero na Butembo. Mume wake alibaki nyuma na wazazi wake wazee. Habari zake zinatufikia kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, siku anapopata mtandao. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha makaa, shemeji anaangalia simu.

Kijana wangu wa miaka 15 ana PS4 ya mkono wa pili, ile ya kwanza iliyotoka mwaka 2013. Wifi hatuna. Akitaka kucheza na wenzake kwa njia ya intaneti, anaomba simu ya mtu, anawasha hotspoti, na mashine inakula mega za simu hiyo. Usiku mmoja aliomba simu ya mama yake mdogo. Alicheza kama saa moja, akaiacha mashine katika "mode repos", ile taa ya rangi ya machungwa, akaenda kulala. Simu ilibaki inachaji, hotspoti wazi. Mashine ikaendelea kupakua mise à jour ya mchezo usiku kucha.

Asubuhi giga 5 za mwezi mzima zilikuwa zimekwisha, na hakuna aliyejua. Shemeji aliona simu imenyamaza, akafikiri ni mtandao wa kule. Siku ya 3 nilimnunulia mega nyingine ili ajaribu, na ujumbe 4 ukaingia kwa mara moja. Baba mkwe wake alikuwa mgonjwa sana, mume anaomba pesa ya dawa. Ujumbe wa kwanza ulikuwa na siku 2. Pesa tulituma jioni hiyohiyo, na mzee alipata nafuu, tunashukuru Mungu. Lakini shemeji alikuwa amehesabu zile siku 2, na mimi nilizihesabu pamoja naye.

Siku hizohizo kijana naye alikuwa na kilio chake: Play imekufa, haishiki tena intaneti. Kwa simu ya mama mdogo ilikuwa inashika lakini haiendi popote. Akajaribu simu yangu, ambayo ni mpya kidogo, na jina lake halikuonekana hata kwenye orodha. Fundi akaitwa. Akatazama dakika 2, akasema karte ya wifi imeungua, dola 25. Bisibisi ilikuwa tayari mkononi.

Hapo ndipo maoni yangu yanapoanza. Fundi anayefungua mashine kabla ya kuiuliza mwenyewe inaumwa wapi anakula pesa ya bure, hata kama ana moyo mzuri. Na sisi wazazi tunamsaidia kuila kwa sababu tunaogopa hicho chombo.

Mashine inajua kusema. Kwenye PS4 unaingia "Paramètres", halafu "Réseau", halafu "Tester la connexion Internet". Itajibu mstari kwa mstari. Kwanza, kama imepata adresi ya IP, yaani kama simu au ruta imeipokea. Pili, kama imefika kwenye intaneti yenyewe. Tatu, kama imeingia PlayStation Network, mtandao wa Sony. Tazama ni mstari gani umeanguka.

Wa kwanza ukipita na wa pili ukaanguka, karte ya wifi ni nzima kabisa, maana imeongea na simu. Kilichokosekana kiko mbele ya simu: mega zimeisha, au mtandao wa kampuni ya simu umelala, jambo ambalo hapa halimshangazi mtu. Ndivyo ilivyokuwa kwa simu ya shemeji. Kama mega zipo na bado inakataa, ingia kwenye mipangilio ya mkono uandike DNS 8.8.8.8 na 8.8.4.4. Haigharimu hata franga moja, na mara nyingine inatosha.

Na simu yangu ambayo haikuonekana? Hii ilinichukua jioni nzima. PS4 ya kwanza inasikia wifi ya 2,4 GHz peke yake. Simu nyingi mpya zinaweza kutoa hotspoti kwa 5 GHz, na mashine hiyo ya zamani haiioni, kama redio ya FM tu isivyoweza kupata kituo cha mawimbi mafupi. Niliingia kwenye mipangilio ya hotspoti, nikabadilisha bendi kuwa 2,4. Jina likatokea. Kwenye iPhone kitufe hicho kinaitwa "Maximiser la compatibilité". Dola 25 zikabaki mfukoni. Fundi nilimpa franga za motari, kwa sababu alitoka mbali, na nilimwonyesha kitufe. Alicheka, akasema ameshabadilisha karte ya mtu mwingine kwa ugonjwa huohuo. Sikupenda kile kicheko.

Mstari wa tatu ukianguka peke yake, acha mashine ipumzike. Tarehe 8 Februari 2025 mtandao wa Sony ulilala karibu siku nzima, dunia nzima, na mwaka 2011 ulifungwa zaidi ya siku 20. Siku kama hiyo hakuna fundi wa Butembo wala wa Paris atakayeirudisha. Ukifuta mashine yote kwa hasira, utabaki na mashine tupu na michezo ya kupakua upya kwa mega zako. Kama mashine imekaa miezi bila umeme, tazama kwanza tarehe na saa. Ikidhani tuko mwaka mwingine, inaweza kukataliwa mlangoni.

Lakini iko sababu nyingine ya mstari wa tatu ambayo ni yetu sisi. Kongo haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Sony inafungulia akaunti. Vijana wetu wanajiandikisha kama wako Ufaransa au Ubelgiji. Mara nyingi ni muuzaji au fundi anayewafungulia, kwa imeli yake mwenyewe. Siku neno la siri likisahaulika, barua ya kulibadilisha inaenda kwa mtu ambaye amehamia Kampala au amebadilisha simu. Nimeona kijana amepoteza michezo yake yote hivyo. Muuzaji, mfungulie mteja kwa imeli yake, hata kama itachukua nusu saa zaidi. Na unapouza PS5 "Digital", mwambie mzazi wazi kwamba haina mahali pa kutia diski, kwamba kila mchezo utashuka kwa intaneti, na kwamba mchezo mmoja mkubwa unaweza kupita giga 50. Mzazi anayenunua mega kwa vipimo vya giga 1 anatakiwa kusikia hilo kabla ya kutoa pesa, si baada.

Nawajibu pia wanaosema kwamba wakati wa vita Play ni upuuzi, iuzwe. Mimi sikubali. Watoto wa shemeji walipofika, yule wa pili, wa miaka 9, hakuwa anaongea na mtu. Kelele ya kwanza niliyoisikia kutoka kwake ilikuwa ya bao. Diski ya zamani ya FIFA, manete 2, watoto 4 wanapokezana, na intaneti imezimwa. Kucheza na mtu aliyekaa pembeni yako hakuli mega hata moja. Ninachokataa ni mashine kula kwenye sahani ya simu ambayo mtu anangojea habari za mume wake.

Kwa hiyo kwangu tumebadilisha mambo. Kwenye "Système" tumezima "Téléchargements automatiques". Mashine inazimwa kabisa usiku, hakuna tena taa ya machungwa. Mise à jour ya mashine yenyewe, ambayo ni kama nusu giga, kijana anaipakua mjini kwenye sibaka na kuileta kwa ufunguo wa USB. Unatengeneza folda PS4, ndani yake folda UPDATE, ndani yake unaweka faili PS4UPDATE.PUP, na kuipata unaenda kwenye tovuti ya Sony peke yake. Mtu akikupa faili hiyo kwa WhatsApp, kataa.

Na tumetafuta simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, tukaitia laini yake. Hiyo ndiyo ya Play. Mega zake zikiisha Jumanne, zimeisha hadi Jumamosi. Simu ya shemeji haiombwi tena, hata kwa dakika 5, na kijana ndiye aliyemwambia hivyo mwenyewe, mbele yetu.

Kama yako bado inakataa, andika kwenye karatasi namba inayotokea kwenye televisheni, ile inayoanza na NW, WS au CE, kabla ya kumpigia fundi. NW-31297-2, kwa mfano, kwa kawaida ni neno la siri la wifi lililoandikwa vibaya. Kuliandika upya hakuhitaji bisibisi.