Ufukwe Unataka Watu: Ilani ya Kuanzisha Vuguvugu Letu

Sisi wenye maduka, wavuvi, wachukuzi na makarani wa forodha waliostaafu, kuanzia Horohoro hadi Bagamoyo, leo tunaanzisha vuguvugu lenye dai moja: maafisa forodha waongezwe, na wapelekwe mahali mzigo unaposhukia.

Mzigo unashukia bandari bubu. Siku za bamvua, maji yakijaa kuelekea saa kumi alfajiri, jahazi huingia bila taa hadi kwenye mikoko. Vijana huteremka majini hadi kifuani, gunia la sukari begani, madumu ya mafuta ya kula yakielea nyuma yao kwa kamba. Bodaboda zinasubiri mchangani, zimezimwa. Jua likichomoza kimebaki kilichomwagika tu, kinaliwa na sisimizi. Kisha mwenye duka aliyelipa ushuru anamtazama mteja wake akivuka barabara kununua dumu lile lile kwa bei ambayo yeye haifikii hata akiuza bila faida.

Nani wa kulizuia jahazi? Pwani ya Tanzania ina zaidi ya kilomita 1,400, na nchi 8 zinapakana nasi. Kituo kimoja tunachokijua kina maafisa wawili na pikipiki moja. Mmoja akienda kukagua lori, mwenzake anabaki na mhuri. Usiku hakuna mtu. Hatuwalaumu. Mtu mmoja gizani mbele ya vijana ishirini wenye mapanga ametumwa kufa.

Tunaambiwa skana zitatosha. Skana huona kontena lililopitishwa mbele yake, na jahazi la alfajiri halipiti huko. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kutaifisha mzigo wa magendo pamoja na chombo kilichoubeba, lakini lazima awepo mtu wa kukikamata.

Wala hatuombi msako. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, nchi nzima ikatikisika, na magendo hayakwisha. Tunataka zamu ya kila usiku, boti yenye mafuta, na vijana wa vijiji hivi hivi waajiriwe, maana wanayajua maji na wanazijua njia.

Tena uchache wa watumishi wenyewe huzaa magendo. Mama anayevuka Horohoro na bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 ana haki ya kuandikiwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Dirisha likiwa na mtu mmoja na foleni ni ndefu, nyanya zinaiva na kuoza kwenye tenga, naye anachepuka njia ya panya. Huyo si adui yetu, na asiyetofautisha tenga lake na jahazi la sukari asijiunge nasi.

Kwa upande wetu, hakuna mwanachama atakayeuza bidhaa isiyo na risiti, hata ya ndugu yake.

Bamvua lijalo tutakaa ufukweni na karabai zetu, wavuvi na wenye maduka pamoja, tuhesabu majahazi. Hesabu hiyo tutaipeleka kwa mkuu wa wilaya na kwa mbunge kila mwezi, mpaka afisa wa usiku aletwe.