Barua ya Mama

Wazee walinena: Msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Juma hili, wasomaji wapenzi, tuutazame wimbo mmoja wa Marekani unaolifumbua neno hilo, maana wahusu kila nyumba yenye mtoto aliye mbali.

Jina la wimbo ni « 500 Miles ». Maili 500 ni kilometa zipatazo 800. Aliyeutunga ni Hedy West wa jimbo la Georgia, aliyezaliwa mwaka 1938. Aliuunga kwa vipande vya nyimbo za kale alivyovisikia kwa jamaa zake. Na mwaka 1962 waimbaji watatu, Peter, Paul and Mary, wakaueneza katika santuri yao. Anayesimuliwa ni mtu aliyechukuliwa na gari-moshi mbali na kwao. Hana shati, hana senti, kwa hiyo asema hawezi kurudi katika hali ile. Angalieni vema: reli ipo, nyumba ipo; kimzuiacho ni haya.

Mwaka 1963 Bobby Bare akauchukua wimbo huo. Yeye ni mwimbaji wa kantri, muziki wa watu wa mashambani wa Marekani, wenye hadithi za kazi, za njia na za nyumbani. Alizaliwa mwaka 1935 huko Ironton, jimbo la Ohio. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano tu.

Bare hakuurudia wimbo kama kasuku. Yeye na Charlie Williams walibadili maneno, wakaingiza jambo ambalo halikuwamo: barua ya mama. Mama hamwulizi mwanawe amechuma nini, wala hamlaumu kwa kukawia. Amwambia tu kwamba wanampenda na kumkumbuka, na kwamba arudi. Kijana aisoma, alia, ashika njia mara moja. Hana mzigo wa kufunga, kwa kuwa mali yake yote ni nguo alizovaa. Aenda kwa miguu, aomba magari yampakie, hakumbuki alikula lini. Katikati ya wimbo Bare aacha kuimba, anena kama mtu anayejisemea peke yake: njia ni ileile aliyoondokea, lakini sasa yaonekana nyingine, naye pia amebadilika. Watasema nini wakimwona hivi? Haya bado anayo, lakini haimshindi tena.

Mwaka uleule wa 1963 Bare aliimba pia « Detroit City », wimbo uliotungwa na Danny Dill na Mel Tillis. Humo kuna kijana wa kusini anayetengeneza magari mchana na kuzunguka katika vilabu vya pombe usiku. Barua zake zasema mambo ni mazuri, na watu wa kwao waamini kwamba amekuwa mkubwa mjini. Linganisheni barua hizo mbili. Ya kijana yaficha shida, nayo yamfunga ugenini. Ya mama haidai kitu, nayo yamfungua.

Enyi wazazi, siku hizi barua imekuwa simu, lakini maneno ni yaleyale. Mtoto akisikia kila mara habari za fedha, atajifunza kusema uongo, kisha atanyamaza kabisa. Mwambieni waziwazi kwamba mlango haufungwi kwa mikono mitupu. Nanyi vijana, msiandike utajiri msio nao. Uongo wa leo ndio utakaowazuia kesho kurudi.

Wimbo wa Bare haumfikishi kijana nyumbani. Unapokwisha, yeye angali njiani, mwenye baridi na uchovu, na kilometa 800 mbele yake. Lakini uso wake umeelekea kwao, na hilo lilitendwa na karatasi moja. Je, katika jamaa yako ni nani anayeingoja?