Mkulima Hukumbukwa kwa Shamba Lake

Ndugu Wanachama,

Chama chetu kimepungukiwa na mwanachama wa siku nyingi, mkulima wa karafuu wa upande wa kaskazini wa Pemba, ambaye ametangulia mbele ya haki. Jamaa zake wametuomba tusilichapishe jina lake, nasi twaliheshimu ombi hilo, kwani hata katika uhai wake hakuwa mtu wa kupenda kutajwa. Waliomjua watamtambua kwa haya nitakayoyasema. Wasiomjua haiwadhuru kitu, maana sikukamata kalamu ili nimsifu maiti. Nimeikamata kwa sababu yapo mambo aliyoyafanya ambayo wengi wetu hatuyafanyi, na kwa kutoyafanya mashamba yetu yanatufia mikononi.

Hakuwa tajiri. Alikuwa na shamba la mlimani, nusu ya mikarafuu yake aliachiwa na baba yake na nusu aliipanda kwa mkono wake. Na huko bondeni alikuwa na majaruba ya mpunga, kama tulivyo wengi. Alikuwa na mke mmoja na watoto saba, wanaume watatu na wanawake wanne, na wote saba aliwapeleka skuli. Fedha za karafuu zilikuwa na mpango wake nyumbani kwake, wala mpango huo haukubadilika mwaka wa neema wala mwaka wa shida. Kwanza walilipwa wachumaji. Pili zililipwa deni za dukani. Tatu zilitengwa za skuli, nne za chakula, na kilichobaki ndicho cha nguo. Mkewe alipochambua karafuu usiku kwa taa, kazi ile ilihesabiwa kuwa ni kazi, na makonyo yalipouzwa kwenda kukamuliwa mafuta, fedha zake zilikuwa za bibi huyo, wala hakuulizwa amezifanyia nini.

Watu hudhani kuwa mtu wa watoto wake ni yule awapendaye kwa maneno mazuri. Huyu alikuwa mchache wa maneno. Lakini wakati wa msimu, wakati ambao wengine hulala dago na kuusahau mji, yeye alirejea nyumbani kila jioni, akala na wanawe, akasikiliza walichosoma.

Jambo la kwanza ninalotaka tulitazame ni kupanda. Mkarafuu si muhogo. Mche ukipandwa leo, huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba hivi, na haufiki ukamilifu wake mpaka umekaribia miaka ishirini. Lakini ukitunzwa vyema waweza kusimama miaka mia. Tena unapokuwa mchanga ni dhaifu, wataka kivuli na maji, na kiangazi kimoja kikali chaweza kuiua yote. Marehemu alipanda miche yake chini ya migomba, na siku za jua kali aliimwagilia yeye na wanawe. Alipanda alipozaliwa kila mtoto, na akaendelea kupanda alipokuwa mzee wa mkongojo. Wapo waliomcheka wakimwuliza ataichuma lini miche ile. Naye aliwarudishia suali, kwamba ile aliyoichuma yeye umri wake wote ilipandwa na nani?

Suali hilo latuhusu sote. Karafuu zililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akaamuru zipandwe mashambani. Wengi walioifanya kazi ile ya kupanda walikuwa watumwa, ambao faida yake hawakuionja. Mwaka 1872 ikaja tufani kubwa iliyoangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, lakini ya Pemba kwa sehemu kubwa ikasalimika, na tangu hapo kisiwa chetu kikawa ndicho kinachotoa karafuu nyingi zaidi. Basi hakuna hata mmoja katika sisi awezaye kusema kwamba neema hii ameianza yeye. Sote tunakula jasho la waliotutangulia, na tusipopanda, wajukuu wetu hawatakuwa na jasho la kula.

Jambo la pili ni subira. Wazee wanakumbuka miaka ya 1980, bei ya karafuu ilipoanguka duniani. Indonesia, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ilikuwa imekwisha panda mikarafuu yake ya kuitosha. Watu walivunjika moyo. Mashamba yaliachwa yakaingia mwitu, na mikarafuu mingine ikakatwa kuni. Marehemu hakukata hata mmoja. Aliishi kwa mpunga na muhogo, na palizi aliifanya kama kawaida. Basi mwaka 2011 bei ilipopanda sana, wengine walikuwa wakitafuta miche ya kuanzia, na yeye alikuwa akitafuta wachumaji.

Lakini lililonifanya niandike hasa ni jambo la tatu, nalo ni mirathi.

Twajua sote jinsi mambo yanavyokwenda. Mkulima akifa, watu hujaa, husomewa hitima, na wali hupikwa. Siku arubaini hazijesha, ugomvi umeanza. Mipaka haijulikani, maana aliyeijua ni marehemu peke yake. Watu wa kudai wanatokea, na hapana daftari la kuwahakiki. Mtoto wa mjini ataka fungu lake liuzwe. Aliyekaa shambani asema jasho ni lake. Mabinti waambiwa wangojee, na kungojea kwao hakuna mwisho. Muda wote huo hapana apaliliaye, kwa kuwa hapana ajuaye anampalilia nani. Mwisho shamba hukodishwa msimu mmoja kwa mtu wa nje, naye, kwa kuwa hana la kutazamia mwakani, huvunja matawi ili achume upesi. Miaka mitano ya namna hiyo, shamba lililojengwa na vizazi vitatu huwa pori.

Mwenzetu huyu aliliona jambo hilo likitokea kwa jirani zake, akajihadhari nalo angali na nguvu. Alifanya mambo matatu. Aliwachukua watoto wake wote saba, wa kike na wa kiume, akawazungusha mipaka yote mbele ya majirani na mbele ya sheha, kisha ikaandikwa. Aliweka daftari la deni zake, anazodai na anazodaiwa, kwani sheria yetu yasema deni hulipwa kabla mali haijagawiwa. Na la tatu, aliwakalisha wanawe na mama yao akawaomba wapatane wao kwa wao kwamba, siku yake ikifika, shamba litunzwe likiwa moja, na kitakachogawiwa kiwe ni karafuu.

Yeye mwenyewe hakuigawa mirathi yake, maana mirathi haiwi ila baada ya kufa. Wala hakumpunguzia mtu haki yake. Tazameni hesabu yenyewe. Tuseme, baada ya kulipa wachumaji na palizi, zimebaki kilo 80 za karafuu kavu. Mjane ana thumuni, nayo ni kilo 10. Zinabaki 70, ambazo kila mwanamume huchukua mafungu mawili na kila mwanamke fungu moja. Wanaume watatu ni mafungu sita, wanawake wanne ni mafungu manne, jumla kumi, na kila fungu ni kilo 7. Basi kila mwana wa kiume ana kilo 14 na kila binti ana kilo 7. Mizani haipendelei, na mtu hahitaji kuhama kwao ili apate haki yake. Lakini mikarafuu 80 ukiigawa vivyo hivyo, huu wazaa sana na ule hauzai, huu uko njiani na ule uko gengeni, nawe umeanzisha kesi isiyokwisha.

Wako watakaosema kwamba mrithi ana haki ya kuchukua fungu lake akafanya apendavyo. Ni kweli, na hapana awezaye kumzuia. Anayeishi Dar es Salaam au Maskati na ana haja ya fedha hawezi kulazimishwa kungojea msimu. Lakini haki hiyo yaweza kutimizwa bila ya kuliua shamba. Fungu lake na likadiriwe na watu wawili waaminifu, na wapewe ndugu zake nafasi ya kwanza ya kulinunua. Wengine watasema kwamba anayekaa shambani atachoka kuwafanyia kazi wengine. Hilo nalo ni kweli, na dawa yake ni kumlipa ujira wake kwanza kama alipwavyo mtu wa kazi, ndipo yagawiwe yaliyobaki. Ndugu wengi hawakugombana kwa sababu ya uroho. Waligombana kwa sababu hapakuwa na mapatano yaliyoandikwa.

Mimi naona kwamba chama chetu kimekuwa kikizungumza sana juu ya bei, na bei ni jambo kubwa, lakini bei hatuipangi sisi. Haya ya mipaka, daftari na mapatano yamo mikononi mwetu, wala hayana gharama ila siku moja ya kutembea na siku moja ya kukaa. Kwa hiyo naleta shauri hili mbele ya wanachama: kabla ya msimu ujao, kila mmoja wetu awazungushe warithi wake mipaka ya shamba lake mbele ya mashahidi, aandike deni zake, na awakalishe watu wake wapatane. Atakayeshindwa na hesabu ya mafungu asione haya kwenda kuuliza katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwani kazi hiyo ni yao. Na mabinti wasisahauliwe siku ya kuzungushwa mipaka, maana asiyeonyeshwa mpaka ndiye mwepesi wa kudhulumiwa.

Watoto wa marehemu walikwenda kuandikisha mirathi yao pamoja, watu saba na mama yao, bila ya wakili na bila ya kelele. Shamba limekwisha paliliwa. Miche aliyoipanda mwaka wake wa mwisho imewekewa kivuli, na wanawe hupokezana kuimwagilia.

Mwenyezi Mungu amrehemu mwenzetu, awape subira mjane wake na wanawe, na atujaalie nasi tuache nyuma yetu mashamba yanayoliwa badala ya mashamba yanayogombewa.

Wassalaam,

Mwanachama mwenzenu, Pemba