Waranti isiyogusa taa za televisheni ni waranti gani?

Waswahili husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa maoni yangu, methali hii inaifaa sana televisheni bapa kuliko bidhaa nyingine nyingi zinazouzwa leo katika miji yetu. Dukani inang'ara, rangi zinawaka, picha ya maua na samaki wa baharini inamfanya mteja asahau hata kuuliza maswali. Akishaifikisha nyumbani na kuitumia kwa muda, ndipo anapoanza kuona pembe moja ya kioo inang'aa kama tochi, katikati kuna kivuli, na nyuso za watangazaji zimegeuka rangi ya samawati.

Hili ni tatizo la taa za nyuma ya kioo, zile ambazo mafundi wetu huziita baklaiti. Ninaliandikia leo kwa sababu mbili. Kwanza, mafundi wanalifahamu vizuri na wauzaji wanalifahamu vilevile, lakini mnunuzi haelezwi. Pili, mara nyingi mnunuzi akirudi dukani kulalamika huambiwa kwamba taa hizo hazimo katika waranti. Nasema waziwazi kwamba jambo hilo si la haki, na wakati umefika wa kulikomesha.

Ili tuelewane, yafaa kwanza tujue chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Kioo cha LCD hakina mwanga wake chenyewe. Kinafanana na pazia lenye vidirisha vidogo mno, zaidi ya milioni 2 katika televisheni ya kawaida ya HD kamili, na kila kidirisha hufunguka na kufunga ili kupitisha mwanga unaotoka nyuma. Zamani mwanga huo ulitoka katika mirija myembamba ya floresenti yenye zebaki. Mwaka 2004 kampuni ya Sony ilitoa Qualia 005, mojawapo ya televisheni za kwanza kutumia taa za LED mahali pa mirija hiyo, na kuanzia mwaka 2009 hivi neno LED likaenea madukani kote. Wengi wetu tulidhani ni aina mpya ya kioo. La hasha! Kioo ni kilekile cha LCD, kilichobadilika ni taa tu. Televisheni za OLED ndizo zisizohitaji taa ya nyuma, kwa sababu kila nukta hujiwakia yenyewe, lakini bei yake iko mbali na mfuko wa mwananchi wa kawaida.

Taa hizo hupangwa kwa njia mbili. Katika televisheni zilizo nyembamba sana, huwekwa ukingoni, kisha bamba la plastiki husambaza mwanga hadi katikati. Katika televisheni nyingi za bei nafuu, vipande virefu vyenye taa huwekwa nyuma ya kioo chote, na kila taa hufunikwa kwa kilenzi cha plastiki kama kifungo cha shati ili mwanga usambae. Njia zote mbili zina kazi moja ngumu, yaani kuzifanya taa chache zimulike eneo kubwa kwa usawa. Hapo ndipo mambo huharibikia.

Dalili zake zinatambulika. Ukiona mawingu meupe pembeni wakati wa filamu ya usiku, huenda fremu inakibana kioo au mwanga wa ukingoni unavuja. Ukiona madoa kama uchafu wakati kamera inafuata mpira juu ya nyasi, jua kwamba mwanga haulingani. Ukiona vidoto vyeupe vya mviringo, basi vilenzi vimebanduka kwa sababu ya joto na kuziacha taa wazi. Picha ikigeuka ya samawati au zambarau, basi ile rangi ya njano inayopakwa juu ya taa ili zitoe mwanga mweupe imechakaa. Na kama kioo kimekuwa cheusi huku sauti ikiendelea, mulika kioo kwa tochi kutoka karibu. Ukiiona picha kwa mbali, ujue kioo ni kizima ila taa zimekufa. Taa hizi huunganishwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, kwa hiyo ikikatika moja, mstari mzima huzimika.

Dada yangu mkubwa ana mkahawa mdogo hapa Kampala. Alinunua televisheni ya inchi 43 ili wateja wake watazame mpira na taarifa ya habari. Waranti iliandikwa miaka 2. Mwezi wa 14, vidoto vyeupe vilianza kuonekana upande wa kushoto, na baada ya wiki chache uwanja wa mpira ukawa na rangi ya bahari. Tulikwenda pamoja dukani tukiwa na risiti na kadi ya waranti. Kijana aliyetupokea alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mama, hiyo ni taa, na taa ni kama balbu, haimo katika waranti." Tukamwomba atuonyeshe palipoandikwa hivyo. Hakuonyesha. Alituelekeza kwa fundi aliye ghorofa ya chini.

Tulizungumza na fundi huyo. Alisema kazi hiyo huifanya karibu kila siku. Alikivua kioo, akabadilisha vipande vyote vya taa, na dada yangu akalipa kutoka katika faida ya chapati na chai. Kwa mwenye mshahara mnono huenda hilo ni jambo dogo. Kwa mwenye mkahawa, televisheni iliyoharibika siku ya mechi ni viti vitupu.

Hoja ya kwamba taa ni kama balbu haina miguu ya kusimamia. Balbu ya nyumbani huibadilisha mwenyewe kwa mkono wako, huinunua duka lolote, na ulipoinunua nyumba hukuambiwa kwamba balbu ni sehemu ya ukuta. Taa ya televisheni imefungwa ndani ya chombo. Ili kuifikia lazima kioo kitolewe, na kioo hicho kikipata ufa, televisheni nzima imekwisha. Isitoshe, bila taa hiyo hakuna picha. Kuuza televisheni kwa waranti inayoacha taa nje ni sawasawa na kuuza baiskeli kwa waranti inayoacha magurudumu.

Sheria nazo hazinyamazi. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, ambayo msingi wake ni kwamba bidhaa inayouzwa na mtu aliye katika biashara hiyo inapaswa kufaa kwa kazi iliyonunuliwa. Majirani zetu wa Kenya wana Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, Rwanda ilipitisha sheria yake ya ushindani na ulinzi wa watumiaji mwaka huohuo, na Tanzania ina Sheria ya Ushindani tangu mwaka 2003. Kwa hiyo hatukosi karatasi. Tunachokosa ni mteja anayejua kwamba karatasi hizo ni zake, na ofisi inayompokea bila kumzungusha kwa kesi ya televisheni moja.

Nisiwaonee wafanyabiashara. Wao pia wana yao ya kusema, na mengine ni ya kweli. Hakuna televisheni ya taa za nyuma ambayo mwanga wake unalingana asilimia 100, na katika chumba chenye giza totoro hata ile ya bei kubwa huonyesha wingu kidogo. Baadhi ya vioo, hasa vile vya aina ya IPS, hung'aa pembeni ukivitazama kutoka upande, na hilo si ubovu. Ni kweli pia kwamba wateja wengine huilaza televisheni chali juu ya bodaboda, ikapigwa na mashimo ya barabara, kisha wakamlaumu muuzaji. Na umeme wetu unaopanda na kushuka huua pawasaplai nyingi.

Lakini tusichanganye mambo. Umeme unaorukaruka huidhuru zaidi pawasaplai. Vilenzi kubanduka na taa kugeuka samawati ni kazi ya joto, na joto hilo hutokana na taa kusukumwa kwa nguvu kubwa kuliko zinavyostahimili kwa muda mrefu. Mtengenezaji anayepunguza idadi ya taa ili aokoe fedha, kisha akazisukuma ziwake sana ili televisheni ipendeze dukani, amechagua mwenyewe maisha mafupi ya bidhaa yake. Gharama ya uchaguzi huo haiwezi kuwa ya mama wa mkahawa.

Tufanye nini basi? Napendekeza mambo manne.

La kwanza, kila kadi ya waranti iseme kwa maandishi, katika lugha anayoielewa mnunuzi, kama taa za nyuma zimo au hazimo. Zikiwa hazimo, mteja aambiwe kabla hajalipa. Naamini duka litakaloandika kwamba hazimo litapoteza wateja, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuwafanya wazijumuishe.

La pili, mnunuzi aruhusiwe kuijaribu televisheni ileile iliyo ndani ya boksi lake, si ile iliyoning'inizwa ukutani. Aonyeshwe picha nyeupe tupu, ya kijivu tupu na nyeusi tupu, kila moja kwa nusu dakika. Picha hizo hutosha katika kijisanduku cha USB na hazigharimu chochote.

La tatu, Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, ambalo tayari lina mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa kutoka nje, liziangalie taa hizi pia. Kupima usalama wa plagi ni vizuri, lakini mwananchi ananunua picha, hanunui plagi.

La nne, waingizaji wa bidhaa walazimike kuweka spea za taa za kila modeli wanayoiuza. Mafundi wetu leo hutafuta vipande vinavyokaribiana tu. Wakikosa, wengine huiruka taa iliyokufa kwa waya, na kivuli hubaki hapo milele. Wengine hubadilisha kipande kimoja badala ya vyote, na mwanga mpya ukagombana na wa zamani. Kuna taa za volti 3 na za volti 6, na ukizichanganya umeongeza tatizo juu ya tatizo.

Kuna watakaosema tuige Ulaya. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2019, zikaanza kutumika Machi 2021, zinazowataka watengenezaji wa televisheni kuwa na spea fulani kwa muda usiopungua miaka 7 tangu modeli ilipouzwa mara ya mwisho. Ni hatua njema. Hata hivyo orodha ya spea hizo inataja pawasaplai ya ndani, viunganishi, kapasita na kadhalika, bali taa za nyuma haikuzitaja. Tukiiga, basi tuige kwa macho mawili, tuongeze kile kinachotuumiza sisi.

Jambo hili pia lina upande wa mazingira. Televisheni inayotupwa kwa sababu ya kipande cha taa inakwenda na kioo kizima, plastiki na saketi zake. Jiji ambalo jalala lake la Kiteezi liliporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30 halina nafasi ya kutupa vitu vinavyoweza kutengenezeka.

Wakati tukiwasubiri wakubwa, nawe msomaji unaweza kujilinda. Ukifika nyumbani, ingia kwenye menyu na uondoe mpangilio wa picha kali wa dukani, kisha punguza mwanga wa taa za nyuma hadi nusu au karibu na hapo. Macho yatazoea kwa siku mbili tu, na taa zitapata nafuu ya joto. Acha nafasi ya hewa nyuma ya televisheni. Isafirishe ikiwa imesimama. Hifadhi risiti, na ukiona doa la kwanza, piga picha yenye tarehe na upeleke malalamiko kwa maandishi kabla waranti haijaisha. Fundi akikwambia abadilishe kipande kimoja, mwambie abadilishe vyote.

Mwaka 2023 Uganda, Kenya na Tanzania zilipewa uenyeji wa fainali za AFCON 2027. Hakuna mfanyabiashara asiyejua maana yake kwa mauzo ya televisheni, na makontena yatajaa. Wizara ya Biashara, UNBS na wauzaji wana nafasi ya kukaa meza moja na kuandika sharti moja fupi kwamba waranti ya televisheni ni pamoja na taa zake. Na wewe unayekwenda kununua, kabla hujatoa fedha mfukoni, muulize muuzaji swali hilohilo na umtake akuandikie jibu kwenye risiti. Akikataa, duka la pili liko hatua chache tu mbele.