Herufi Isiyo na Nambari

Tulipotayarisha kitabu hiki tulitaka neno «Bukavu» likae kwenye jalada kwa maandishi ya Mandombe. Ilitushinda. Kijana wa ordinatere alihangaika mpaka jioni. Mwisho tukachora kwa kalamu na kupiga picha. Na picha ni picha tu: huwezi kuisahihisha, na kwenye SMS haipiti.

Sababu ni moja. Kila herufi inayoonekana kwenye telefone iko na nambari yake katika Unicode, orodha inayolindwa na shirika moja la Marekani tangu 1991. Mandombe, ambayo Wabeladio Payi aliianzisha mwaka 1978 kule Mbanza-Ngungu, haina hata nambari moja. Fonti inayoazima nambari za Kilatini haisaidii: mwenzako asiye nayo anaona a, b, k bila maana.

Wengine banatuambia: «Hiyo ni mambo ya Wakimbanguisti, sisi ba Kivu inatuhusu nini?» Inatuhusu! Iliundwa kwa kuandika Kikongo, Lingala, Tshiluba na Kiswahili chetu pia. Herufi za Kilatini tulifundishwa na wamisionari, na hatujaona Mprotestanti anayezikataa juu ya mapadri.

Wengine banasema Bazungu ndio banatunyima. Uongo. N'Ko ya Afrika ya Magharibi iliingia 2006, Adlam ya ndugu wawili wa Guinée 2016. Hata Watangsa, kabila la mpakani mwa India na Birmania, wachache kuliko Bashi, walipata zao 2021.

Kweli, Mandombe ni ngumu. Msingi wake ni maumbo mawili, moja kama 5, lingine kama 2, kila moja sura ya mwenzake kwenye kioo. Ukigeuza umbo la konsona, linakuwa konsona ingine. Kisha vokali inashikana nalo. Basi tuombe nambari moja kwa umbo, ama kila mgeuko upewe yake? Pendekezo la awali lilifika Unicode miaka ya 2010, na mpaka leo nambari hazijatoka.

Wabeladio alifariki 2013, hatuwezi kumuuliza tena. Wanafunzi wake wa kwanza nao wanazeeka. Wakae na walimu wetu wa ISP na vijana wa enformatike, batuambie wazi: umbo lililogeuzwa ni herufi ileile, ama ni ingine?