Swima hakuna avoka, na sisi wenye kusoma sheria hatuna kazi

Ndugu zetu wa Swima, wa Mboko, wa Baraka na wa Fizi yote,

Kila mara tunapokaa na wazee pembeni ya ziwa, swali moja linarudi: "Ninyi mliosoma sheria, mnafanya nini?" Kawaida tunacheka na kugeuza maneno. Leo tunataka kujibu, na tunajibu wote pamoja, sababu swali hili haliulizwi kwa mmoja wetu tu.

Tuko vijana wa kike na wa kiume wenye lisansi ya sheria. Tulisoma miaka mitano, wengine Bukavu, wengine Uvira, wengine Bujumbura. Wazazi walilipa masomo kwa mihogo, kwa mawese na kwa ndagala. Leo tunauza kredi ya simu, tunaendesha pikipiki za watu, tunafundisha kwenye shule ambako mshahara unatoka mfukoni mwa wazazi wale wale waliotusomesha. Diploma iko ndani ya sanduku, imefungwa kwa plastiki ili maji ya mvua yasiifikie.

Hatuandiki ili tuonewe huruma. Tunaandika kwa sababu watu wanahesabu shida mbili pale ambapo sisi tunaona moja. Shida ya kwanza wanasema ni ya vijana: wamesoma sheria, hawana kazi. Shida ya pili wanasema ni ya raia: wanafungwa na kunyang'anywa mashamba, hawana wa kuwatetea. Mwenye njaa ya kazi na mwenye kuhitaji kazi ile wanaishi kijiji kimoja, wanachota maji kwenye ziwa moja, na bado hawakutani. Nani aliweka ukuta katikati?

Tuwaeleze jambo moja lililotupata. Kijana mmoja wa hapa kwetu alichukua nyavu kwa deni. Upepo wa usiku ukachukua nyavu, deni likabaki. Mwenye nyavu hakwenda tribunali, alikwenda kwenye kituo cha polisi. Kijana akatiwa kasho. Siku ya sita mama yake akaja kutugongea mlango asubuhi na mapema: "Wanangu, mnasoma sheria miaka yote hii, na mutoto wangu analala chini juu ya nyavu?"

Tukaenda wawili. Tulijua tunachokwenda kusema. Deni si kosa la jinai. Mwenye kudai anapaswa kwenda mbele ya jaji wa mambo ya raia, si kumfunga mtu. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema mtu akishikwa hawezi kukaa mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiwa au kufikishwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Siku sita ni saa 144. Tulisema hayo kwa heshima, bila kupandisha sauti. Ofisa akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Weye uko avoka? Karte iko wapi?" Hatukuwa nayo. Akasema: "Basi muko ndugu za mfungwa. Na ndugu za mfungwa wanalipa."

Mama aliuza mbuzi. Kijana akatoka jioni ile. Njiani mama akatuambia: "Asanteni wanangu, mulijaribu." Ile asante ilituuma kuliko tusi.

Sasa watu watauliza: kwa nini hatuna hiyo karte? Sheria inayopanga kazi ya ma-avoka katika inchi yetu ni ya tarehe 28 Septemba 1979. Inasema aliyemaliza sheria aandikwe kwenye liste ya baro, ale kiapo, afanye staji ya miaka miwili chini ya avoka mkubwa, ndipo aandikwe kwenye tablo kama avoka kamili. Hatupingi staji. Mtu hatoki darasani akashika uhai wa mwenzake mikononi. Tulichosoma kwenye vitabu si sawa na kusimama mbele ya jaji mwenye haraka, na mteja wako anatetemeka nyuma yako.

Lakini tuangalie staji hiyo inavyofanyika kweli. Kuna pesa za kuandikwa, pesa za kiapo, joho jeusi, michango. Kisha uishi mjini miaka miwili, ulipe nyumba, ule, uvae suruali ya heshima, uwe tribunali asubuhi na kabine mchana. Na mshahara? Mmoja wetu alianza staji kwenye kabine moja mjini. Alibeba mafaili, aliandika barua, alikwenda kuomba tarehe za kesi, alisimama kwenye foleni za parke badala ya mkubwa wake. Kwa miezi minane hakupewa hata franga ya pikipiki. Alipouliza, akajibiwa kwamba na yeye mkubwa alipita hivyo hivyo. Mwezi wa tisa akarudi Swima, na joho alilokuwa amelinunua nusu kwa deni akaliacha kwa aliyemdai.

Anayebaki kwenye staji ya namna hii ni nani? Ni yule ambaye baba yake anaweza kumlisha miaka miwili zaidi. Mtoto wa mvuvi wa Swima hatoki pale. Hivyo baro inajaa watoto wa mjini, wanabaki mjini, wanagombania wateja wale wale, halafu tunaambiwa: "Ma-avoka wamekuwa wengi kupita kiasi." Wengi wapi? Hapa Swima hatujui hata mmoja mwenye ofisi.

Tena kila baro inafuata Cour d'appel yake, na ya mkoa wetu makao yake ni Bukavu. Tangu Februari 2025 Bukavu iko mikononi mwa AFC/M23. Kijana wa Fizi anayetaka kufuata karatasi zake Bukavu anapaswa kuvuka mstari wa vita. Barabara ilikuwa mbaya zamani. Leo ni mbaya na bunduki juu yake.

Katika hali hiyo, kuna njia fupi, na lazima tuiseme sababu baadhi yetu wanaijua. Kijana mwenye diploma anakuwa komisioneri. Anazunguka kituo cha polisi, akiona familia inalia anajiita "metre", anapokea pesa, anagawana na aliyefunga. Familia inafurahi sababu mtu wao ametoka. Kesho yake wengine wawili wanafungwa, maana biashara imekubali. Hatutaki kuwaficha: njaa inafundisha mambo haya haraka sana. Lakini tukifanya hivyo, yule mama wa mbuzi atakuwa ametusomesha ili tumuuze. Tunawaambia wenzetu walioanza: acheni, hata kama ni chakula cha siku.

Na kuna kosa lingine ambalo ni letu wenyewe. Sheria ile ile ya 1979 ina mlango wa pili, mlango wa watetezi wa mahakama, wale wanaoitwa défenseurs judiciaires. Hawapandi mpaka Cour d'appel, lakini kwenye Tribunali ya Amani na kwenye Tribunali Kubwa, ile tunayoita TGI, wanasimama na kutetea. Kesi karibu zote za kijijini kwetu zinaishia kwenye ngazi hizo: shamba, ndoa, urithi, wizi, ugomvi, deni. Kwa nini sisi hatukuupita mlango huo? Kwa majivuno. Chuoni tulifundishwa kucheka watetezi hawa, kwamba ni ma-avoka nusu. Tulitaka kuitwa "Metre" na kupiga picha na joho. Mgonjwa haulizi muganga alikaa miaka mingapi shuleni, anauliza kama atapona.

Wengine watasema haki haiwezi kufika Fizi, barabara mbaya, vita, pesa hakuna. Tuwakumbushe. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011, askari wa jeshi la serikali waliingia Fizi-kati na kubaka wanawake. Watu walifikiri mambo yatazikwa kama mengine. Lakini tribunali ya kijeshi ikaja kukaa Baraka, karibu na watu. Wanawake 49 walisimama na kusema yaliyowapata. Tarehe 21 Februari mwaka ule ule, luteni kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20 gerezani kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Haikuchukua hata miezi miwili. Wengi wetu tulikuwa wadogo wakati ule, na kuna waliochagua kusoma sheria kwa sababu ya habari hiyo.

Basi inawezekana. Lakini tribunali ile ilikuwa ya kutembea, ililetwa kwa msaada wa mashirika. Kesi ilipoisha, majaji na ma-avoka walipanda magari wakaenda. Mwanamke aliyebakwa mwezi uliofuata alimkuta nani? Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inasema uchunguzi wa mwanzo wa kesi ya ubakaji usipite mwezi mmoja, na hukumu isipite miezi mitatu. Nani wa kumkumbusha mchunguzi siku hizo kama hakuna mtetezi karibu? Sheria haijisomi yenyewe mbele ya ofisa.

Na mashamba ni vivyo hivyo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni wa serikali. Kuhusu ardhi tunazoishi kwa mila, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba Rais atatoa ordonansi ya kupanga haki za wenyeji. Zaidi ya miaka 50 imepita, ordonansi hiyo haijatoka. Katika nafasi hiyo tupu ndipo shamba moja linauzwa mara mbili, na ndugu wanakatana mapanga. Barua moja iliyoandikwa vizuri, na mashahidi waliotia sahihi, ingezuia mengi. Kuandika barua kama hiyo, sisi tunajua.

Hatuko peke yetu katika shida hii. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, matokeo ya Shule ya Sheria yalizua kelele mwezi Oktoba 2022: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Kwa hiyo kijana wa Kigoma naye anajua uchungu wa kumaliza chuo na kukuta mlango umefungwa. Lakini wenzetu wale walifanya jambo ambalo sisi hatujafanya. Sheria yao ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofundishwa na kuandikishwa, wanaoelekeza raia bila kujiita mawakili. Kwetu, aliye kati ya raia na avoka hana jina wala kazi, na ndiyo maana komisioneri anapata nafasi.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na tunayaomba wazi:

1. Baro iruhusu staji ifanyike Baraka na Uvira, chini ya avoka anayekubali kusimamia kutoka mbali na kuja kwa zamu. Miaka miwili ya kijana iwe mahali kesi zilipo.

2. Ofisi ya mashauri ya bure, ambayo sheria ya 1979 inaidai kwa kila baro ili kusaidia maskini, ifike Fizi siku zinazojulikana, mara moja kwa mwezi kwa kuanzia. Tuko tayari kutafuta chumba na viti.

3. Avoka anayemchukua kijana wa staji amlipe angalau usafiri na chakula. Mkubwa anayesema "na mimi nilipita hivyo" ajiulize kama anataka kurithisha hekima au kulipiza kisasi.

4. Mashirika yanayoleta semina za haki za binadamu Baraka yapunguze kofia na tisheti, na badala yake yalipie vijana wachache kiapo na staji, kwa mkataba kwamba watatumika Fizi miaka kadhaa.

Na sisi hatungoji majibu tukiwa tumekunja mikono. Tumekubaliana hivi: kila Jumamosi baada ya soko, wawili wetu watakaa mahali pa wazi hapa Swima. Tutaeleza saa 48. Tutasaidia kuandika mapatano ya shamba na ya deni. Tutaelekeza mama aliyeumizwa aende hospitali kwanza, asioge, asikubali mambo yamalizwe kwa mbuzi na bia. Hatutapokea pesa. Hatutajiita ma-avoka, sababu sisi si ma-avoka, na jina lisilo lako ni wizi. Na wale kati yetu wenye kuweza, wataomba kuandikwa kama watetezi wa mahakama mwaka huu, bila aibu.

Wenzetu mliobaki Bukavu, Kinshasa au Lubumbashi mkitafuta nafasi, hatuwalaumu. Kila mtu na mzigo wake. Tunawauliza tu: kule ambako ofisi moja ina majina kumi mlangoni, mnangojewa na nani? Hapa kuna mama aliyeuza mbuzi wake. Bado yuko, na ana watoto wengine.

Mzee aliyetuuliza pembeni ya ziwa, jibu letu ndilo hili. Jumamosi tuletee karatasi za shamba lako.

Imeandikwa Swima,
Sisi vijana wenye kusoma sheria