Abigaili Hakuanza Siku ya Panga

 

Neno letu leo: 1 Samweli 25.

Nabali amemtukana Daudi. Daudi amejifunga upanga na yuko njiani na wanaume 400. Kijana mmoja wa kazi anaona hatari inakuja. Sasa tazama anamkimbilia nani. Hamwendei Nabali mwenye mali. Anamwendea Abigaili, kwa sababu anajua mama huyu husikiliza.

Abigaili alijua ghala lina nini, alijua wa kutangulizwa, na alijua la kumwambia mtu mwenye hasira. Damu haikumwagika. Mambo hayo hayafunzwi kwa saa moja, mpendwa. Abigaili alikuwa tayari kabla ya siku ile.

Sisi hapa kwetu hungoja moto uwake ndipo tuitishe maombi ya amani. Londiani na Kipkelion ziliungua 1992, zikaungua tena baada ya uchaguzi wa 2007. Mwaka 2023 watu waliuawa mpakani pale Sondu. Kila mara tunawaambia mabinti wafunge, waombe, waimbe kwenye mkutano wa amani, kisha wawapikie wazee chai. Wazee wakiketi kutatua jambo, binti yuko jikoni. Na mara nyingi yeye ndiye aliyeona ujumbe wa chuki ukizunguka kwenye simu za vijana wiki mbili kabla.

Nitawapa mfano, na sioni haya kuutoa kwa dada Mwislamu. Miaka ya mwanzo ya 1990, koo zilikuwa zikiuana Wajir. Dekha Ibrahim Abdi, mwanamke ambaye hakuwa hata amefika miaka 30, aliungana na akina mama wengine. Walianzia sokoni, wakahakikisha mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua bila kuguswa. Kutoka soko wakaenda kwa wazee, na 1993 wazee wakafanya mapatano. Mwaka 2007 Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood. Nchi ilipowaka mwanzoni mwa 2008, alikuwa miongoni mwa Wakenya walioketi Nairobi kutafuta amani. Alifariki 2011.

Je, Sondu si soko? Mama wa Kipsigis na mama wa Kijaluo hawauzi pale kando kwa kando?

Na tusiende mbali. Marehemu Dkt. Joyce Laboso, binti yetu wa Sotik, aliolewa upande wa Waluo. Kulikuwa na waliotumia ndoa hiyo kumpinga. Bomet ikamchagua gavana 2017, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana Kenya. Binti anayeolewa ng'ambo ya mpaka hajapotea. Amekuwa daraja.

Sasa niseme lililo gumu. Miaka iliyopita binti mchuma chai alinijia baada ya ibada. Nyapara alitaka mwili wake ndipo ampe kazi. Nilimwambia aombe, na asiseme sana, asije akaharibu jina lake. Aliacha kuja kanisani. Februari 2023 BBC ilipoonyesha yanayowapata wanawake katika mashamba ya chai ya Kericho, wengi walishtuka. Mimi nililia, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa mapema.

Yeremia 6:14 inawakemea wanaotangaza amani mahali pasipo na amani. Nilikuwa mmoja wao. Mshale kutoruka mpakani si amani kamili, ikiwa binti anaingia shambani akitetemeka.

Wengine mtasema, "Pasta, hayo ni maneno ya feministi." Mimi siogopi neno. Ikiwa maana yake ni kudharau waume na kuvunja nyumba, silikubali. Ikiwa maana yake ni kwamba binti naye ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na neno lake lina uzito kikaoni, basi Mwanzo 1:27 ilitangulia. Na Yoeli 2:28 inawataja mabinti pamoja na wana.

Basi tufanye nini? Akina mama, Tito 2 inawapa nyinyi kazi ya kuwafundisha wadogo. Kila mama achague binti mmoja asiye wa tumbo lake. Atembee naye mwaka mzima, si likizo ya Desemba peke yake. Aende naye kwenye baraza la chifu, amwonyeshe jinsi ya kusema na mtu aliyekasirika, na jinsi ya kukataa bila kuogopa.

Wazee wa kanisa, kikao kijacho cha kupatanisha watu, wekeni viti viwili vya mabinti. Si vya kuandika kumbukumbu. Vya kusema.

Na binti akileta habari ya nyapara, mwalimu, au hata pasta, tusimnyamazishe. Tumsindikize hadi polisi na hospitali, tukae naye mpaka mwisho.

Baba, nisamehe kwa yule niliyemnyamazisha. Mponye popote alipo. Tuinulie akina Abigaili katika milima hii ya chai, na utupe sisi masikio kama ya Daudi, aliyekubali kuzuiwa na mwanamke na akakushukuru wewe kwa ajili yake. Katika jina la Yesu, amina.

Mama, andika hapa chini, "Nitatembea na mmoja." Halafu kesho umtafute.